Robo au Nusu: Kalenda ya Chuo Nayo ni Habari ya Kazi

Habari za vyuo vikuu vya Marekani huenda zikaonekana si zetu sisi wa kiwandani na shambani. Lakini huko kuna ubishi wa miaka mingi ambao mtu yeyote aliyewahi kupimiwa ngwe ataufahamu mara moja: mwaka wa masomo ugawanywe vipande virefu au vifupi?

Vyuo vingi vya huko hufuata semesta, yaani mihula miwili ya majuma 15 hivi kila mmoja. Vingine hufuata robo: mihula mitatu ya majuma 10 ya mafundisho, na wa nne wakati wa kiangazi kwa anayetaka. Chuo Kikuu cha Chicago ndicho kilichoupa mfumo wa robo sifa. Kilifunguliwa mwaka 1892 kwa fedha za tajiri wa mafuta, John D. Rockefeller. Mkuu wake wa kwanza, William Rainey Harper, alitaka chuo kifanye kazi mwaka mzima, na mwanafunzi apumzike robo yoyote anayoitaka. Wazo limekulia kwenye fedha za bepari, lakini tusilitupe kwa sababu hiyo tu.

Ubaya wa robo unajulikana. Mwendo wake ni wa kasi. Mtihani wa kwanza waweza kufika juma la tatu au la nne, kabla mtu hajazoea sauti ya mwalimu. Ukiugua juma moja umepoteza sehemu moja katika kumi ya somo. Kwenye semesta ungepoteza moja katika kumi na tano. Tena wanafunzi wa robo hufunga Juni, wakati wenzao wa semesta wamekwisha kutoka Mei na kuzikamata kazi za kiangazi. Kwa mtoto wa tajiri hili si neno. Kwa anayelipa ada kwa mshahara wa kazi hizo, mwezi ni mwezi.

Hata hivyo mimi nasema, kwa mtu anayesoma huku anafanya kazi, ngwe fupi ni afadhali. Mtu huyo haachi masomo kwa uvivu. Anaachishwa: zamu imebadilishwa, mama amelazwa, nauli imekwisha. Akikatika katikati ya robo amepoteza theluthi ya mwaka wa masomo. Akikatika katikati ya semesta amepoteza nusu, pamoja na ada yake. Na akitaka kurudi hangoji sana, kwani robo nyingine haiko mbali. Hiyo ndiyo hesabu ya mnyonge. Wakubwa wa vyuo huipigia zaidi hesabu ya gharama: kuandikisha wanafunzi na kutunga mitihani mara mbili badala ya mara tatu.

Basi wengi wamehama. Berkeley, kampasi mojawapo ya Chuo Kikuu cha California, iliingia kwenye robo mwaka 1966, ikarudi semesta mwaka 1983. Ohio State kilihama mwaka 2012. Lakini mwaka 2022 wachumi watatu, Valerie Bostwick, Stefanie Fischer na Matthew Lang, walichapa uchunguzi wao juu ya vyuo vilivyohamia semesta. Waliona wanafunzi wanaomaliza kwa miaka minne wamepungua. Alama za mwaka wa kwanza zilishuka, watu wakachukua masomo pungufu, wakachelewa kuchagua fani. Na mwaka wa ziada chuoni ni ada ya mwaka mzima, na mshahara wa mwaka mzima usiopatikana.

Wako pia wanaofanya kazi ndani ya vyuo hivyo. Robo huwaongezea mzigo: karani huandikisha mara tatu, mwalimu msaidizi husahihisha mara tatu. Faida ya mwanafunzi isitoke mgongoni mwa karani. Chuo kikitaka mihula mitatu, kilipe mikono ya mihula mitatu.

Lakini wafanyakazi hao wamejifunza kuisoma kalenda. Tarehe 14 Novemba 2022, watu 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, walimu wasaidizi na watafiti wa chama cha UAW, waliweka kazi chini mitihani ikikaribia. Mgomo ulikwisha tarehe 23 Desemba, kwa mikataba yenye nyongeza ya mishahara. Mei 2024 waligoma tena, wakidai kwamba chuo kimekiuka haki za wanachama katika maandamano juu ya Gaza. Walianza Santa Cruz, wakafuata UCLA, Davis na nyingine, jumla kampasi sita. Zote ni za robo, na masomo yalikuwa bado yanaendelea. Berkeley, iliyo kwenye semesta, ilikuwa imekwisha kufunga. Kugoma kwenye chuo kilichofungwa ni sawa na wachuma kahawa kugoma baada ya msimu. Chuo kilikimbilia mahakamani, na tarehe 7 Juni hakimu akausimamisha mgomo.

Kamati za matawi yetu zinapozungumza na mwajiri juu ya ruhusa ya masomo, huuliza siku ngapi, na malipo yatakuwaje. Ziulize pia muhula wa chuo una majuma mangapi, mitihani inaangukia mwezi gani wa mavuno, na aliyekatizwa na zamu ataingia tena lini bila kulipa ada upya. Majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa tarehe.