Mfugaji, Mpapase Ng'ombe Wako

Ndugu zangu mnaofuga ng'ombe wa maziwa, kuanzia Rungwe hadi Kiambu: jioni ya leo mkimaliza kukamua, msiondoke bandani upesi. Wekeni ndoo mahali salama, kisha mmwekee ng'ombe mkono mgongoni.

Macho hudanganyika. Tumbo lililojaa majani humfanya ng'ombe aliyekonda aonekane mzima. Mkono ndio unaojua. Bonyeza mbavu fupi za kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Halafu zunguka nyuma yake, upapase nyonga, mifupa ya makalio na pande zote mbili za shina la mkia.

Wataalamu hutoa alama 1 hadi 5. Wa 1 ni mifupa mitupu: ncha za mbavu zinachoma vidole na pande za mkia zimebonyea. Wa 3, mfupa unaupata ukibonyeza kidogo. Wa 5 amejaa mafuta, hata ukikandamiza huupati. Ng'ombe wa maziwa na azae akiwa na 3 hadi 3.5.

Kwa nini? Akishazaa, maziwa hupanda upesi kuliko hamu ya kula, naye huanza kuila akiba ya mwili wake. Asiye na akiba hupunguza maziwa na hukawia kuingia kwenye joto. Aliyenona mno naye huweza kuzaa kwa shida, kisha akasusia chakula wakati anapokihitaji kuliko wakati wowote. Ndiyo maana tunasihi: mrekebishie lishe angali anakamuliwa, kabla hujamkausha zile siku 60 za kungoja kuzaa.

Pima kila mwezi, uandike hata kwenye kalenda ya ukutani, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Mfundishe pia anayeshinda bandani, ambaye mara nyingi ni mama au kijana anayekata majani. Nanyi maafisa ugani na viongozi wa ushirika, tengeni nusu saa mkutanoni, kila mwanachama ampapase ng'ombe kwa mkono wake.

Na siku kijana atakapokuambia, "Mama, mbavu za huyu zimeanza kuchoma vidole," msikilize. Nenda ukapapase mwenyewe, kisha upime upya pumba na mashudu ya kesho asubuhi.