Kigiriki cha Biblia: Tuanze na Maneno Yanayotumika Zaidi



Mwulize padre aliyemaliza seminari kuu miaka mingi iliyopita anakumbuka nini katika Kigiriki. Mara nyingi atakuimbia: luō, lueis, luei. Kisha atacheka na kuishia hapo. Nami ni mmoja wao. Nikiwa frateri nilifaulu mtihani wa Kigiriki vizuri. Lakini siku nilipofungua Injili ya Yohane kwa Kigiriki, nikiandaa homilia ya Krismasi, sikuvuka mstari wa kwanza. Majedwali nilikuwa nayo kichwani. Maneno sikuwa nayo.

Kitenzi luō, yaani "kufungua", hupendwa na vitabu vya sarufi kwa sababu shina lake halisumbui. Lakini katika Agano Jipya lote hutokea mara 42 tu. Kitenzi eimi, "kuwa", hutokea zaidi ya mara 2,000. Ni kama mgeni aliyekariri jedwali zima la ngeli za Kiswahili, kisha akafika sokoni asiweze kuuliza bei ya nyanya.

Agano Jipya la Kigiriki lina maneno kama 138,000. Ukihesabu kila neno mara moja tu, yanabaki kama 5,400. Kati ya hayo, maneno kama 310 hutokea mara 50 au zaidi, na hayo peke yake hujaza karibu asilimia 80 ya matini yote. Chukua Yohane 1:1. Mstari huo una maneno 17, lakini kwa kweli ni manane yanayorudiarudia, na yote manane yamo katika hayo 310. Frateri anayejifunza maneno kumi kwa wiki anayamaliza yote katika wiki 31.

Wapo watakaosema: bila sarufi, orodha ya maneno ni mzigo wa matofali bila udongo wa kuyaunganisha. Ni kweli. Katika mstari huohuo, theos na theon ni neno moja, na asiyejua kwa nini mwisho umebadilika hataelewa anachosoma. Lakini hapo ndipo mahali pazuri pa kufundisha badiliko hilo: mwanafunzi ameliona, amekwama, naye mwenyewe anauliza. Sarufi iliyoulizwa haisahauliki upesi.

Tena, wingi wa matumizi usiwe sheria ya chuma. Neno epiousios limo katika sala ya Baba Yetu tu, katika Mathayo na Luka, na sisi huliombea kila siku tunaposema "mkate wetu wa kila siku". Mtakatifu Yeronimo mwenyewe alilitafsiri kwa namna mbili tofauti katika Injili hizo mbili. Mwalimu anayefuata hesabu peke yake angeliruka. Kwa hiyo orodha itangulie, na mwalimu aongeze yale ambayo imani yetu inayahitaji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Optatam Totius ya mwaka 1965, uliagiza ujuzi wa lugha za Maandiko Matakatifu uhimizwe sana. Nadhani tumetii kwa kuweka kipindi kwenye ratiba. Ila kama padre hafungui tena Agano lake la Kigiriki baada ya upadrisho, kipindi hicho kimemsaidia nani?

Napendekeza jambo moja la kuanzia. Katika mtihani ujao, badala ya kumwambia frateri aandike jedwali, tumpe mistari mitano ya Marko ambayo hajawahi kuisoma darasani, tumwombe aeleze inasema nini. Tukibadilisha mtihani, ufundishaji utalazimika kuufuata. Na huenda Krismasi fulani, katika parokia ya mbali, waamini wakamsikia padre wao akiwaeleza neno alilolisoma kwa macho yake mwenyewe.