Aliyeolewa Ulaya, atafutwe kwanza parokiani kwao

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Uvira, Kalemie na Kindu kuna picha moja ya zamani ambayo kila mgeni huiulizia. Mwanamke kijana amesimama karibu na gari, amevaa gauni la kizungu, na pembeni yake yuko mume mzungu. Wazee hujibu kwa ufupi: huyo ni dada mkubwa wa koko, aliolewa na mwalimu Mbelgiji, wakaenda naye Ulaya. Aliandika barua mara mbili, mara tatu. Kisha familia ikahama, ukaja mwaka wa vita, na barua zikakoma.

Leo wajukuu wanamtafuta kwa simu. Wanaandika jina lake kwenye Facebook, wanaweka picha katika makundi ya WhatsApp ya Wakongomani wa Bruxelles na Liège, wanasubiri. Wengine hufika kwa mtu anayejigamba kwamba ana watu wake Ulaya, wanamlipa dola, naye anapotea kama alivyopotea koko. Baada ya mwezi mmoja au miwili, familia inachoka na kusema kwamba hakuna alama yoyote iliyobaki.

Mara nyingi hiyo si kweli. Alama ipo, lakini inatafutwa mahali pasipofaa. Mtu aliyeondoka Kivu au Tanganyika miaka ya 1960 au 1970 aliacha makaratasi nyumbani kabla ya kuacha mengine Ulaya, na karatasi ya nyumbani ndiyo yenye ufunguo. Anayeanza Ulaya bila ufunguo huo anabisha kwenye milango elfu. Na hapa ndipo penye haraka, kwa sababu karatasi hizo zinaharibika kila mwaka, na wazee wanaojua kuzisoma wanazikwa.

Kwanza, kwa nini simu inashindwa? Kwa sababu ya majina. Mzungu hutafuta ndugu kwa jina la ukoo, kwa kuwa baba, watoto na wajukuu wanalibeba jina moja. Kwa Wakongomani si hivyo. Watoto sita wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina sita, kila mmoja lake. Mjukuu anayetafuta Ulaya kwa jina la babu yake anatafuta jina ambalo huenda huyo dada hakulibeba hata siku moja.

Halafu ulikuja mwaka 1972. Mobutu aliacha jina la Joseph-Désiré akaitwa Mobutu Sese Seko, na wakaaji wote wa Zaire wakalazimishwa kuacha majina ya ubatizo na kuchukua majina ya kiafrika. Dada aliyeondoka mwaka 1968 aliondoka akiitwa Marie-Thérèse, na Ulaya akabaki Marie-Thérèse. Ndugu zake walioachwa nyumbani wakapata majina mengine kwenye vitambulisho vyao. Hata yeye mwenyewe, akitaka kuwatafuta leo, angekuwa anauliza watu ambao kwenye makaratasi hawapo.

Miji nayo ilibadilika. Bukavu iliitwa Costermansville, Kalemie iliitwa Albertville, Kisangani ilikuwa Stanleyville, Lubumbashi ilikuwa Élisabethville, na Moba ilikuwa Baudouinville. Kivu yenyewe ilikuwa jimbo moja mpaka 1988, ndipo ikagawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Karatasi ya Ulaya inayosema kwamba mwanamke alizaliwa Albertville, Congo belge, haitaonekana kwa mjukuu anayeandika Kalemie.

Tena kuna mkono wa karani. Aliyeandika kwa Kifaransa aligeuza u kuwa ou, na ch kuwa tch. Padri Mflemish aliweza kuandika oe mahali pa u. Nabintu akawa Nabintou, Chausiku akawa Tchaousikou. Kabla ya kutafuta popote, familia inapaswa kukaa na kalamu na kuandika namna zote ambazo jina hilo lingeweza kuharibiwa.

Sasa, ufunguo uko wapi? Kwa familia za Kikatoliki, ambazo ni nyingi mashariki mwa Kongo tangu Mapadri Weupe waliposhika kituo cha Mpala kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1885, jibu liko katika kitabu cha ubatizo cha parokia ya kwao. Watu wengi wanajua kwamba kitabu hicho kinaandika jina la mtoto, wazazi, wasimamizi na tarehe. Wachache wanajua habari ya pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa, ile ya 1917 na hii ya 1983, inaagiza kwamba mbatizwa akifunga ndoa kanisani, ndoa hiyo iandikwe pia kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Akifunga ndoa mbali, padri aliyefungisha anapaswa kupeleka habari kwenye parokia alikobatizwa. Ndiyo maana mchumba huombwa cheti kipya cha ubatizo kabla ya kutangazwa: padri anataka kuona kama pembeni hakuna ndoa nyingine.

Maana yake ni hii. Msichana aliyebatizwa katika parokia ya kijijini mwaka 1946, akaolewa kanisani huko Namur mwaka 1969, anaweza kuwa na mstari mmoja wa wino kando ya jina lake, katika kabati la ofisi ya parokia ambayo wajukuu wake wanapita mbele yake kila Jumapili. Mstari huo unaweza kutaja siku, mji na jina la mume. Si kila padri alituma barua, na si kila barua ilifika. Walioolewa serikalini tu hawamo. Waprotestanti wana desturi nyingine ya vitabu. Lakini kwenda kuuliza kunaomba nusu siku na unyenyekevu kidogo mbele ya katibu wa parokia. Ni bei ndogo kuliko dola za mtu wa Facebook.

Mwenye tarehe na mji ndiye anayeweza sasa kuandika Ulaya. Na hapo kuna jambo linalowapoteza wengi: wanamtafuta kwa jina la mume. Ubelgiji, mwanamke aliyeolewa anabaki na jina lake la kuzaliwa kwenye makaratasi ya serikali. Jirani walimwita Madame kwa jina la bwana wake, lakini komini ilimwandika kwa jina alilotoka nalo Kongo. Vitabu vya komini za Ubelgiji vinakuwa wazi kwa kila mtu kufuatana na umri wake: kifo baada ya miaka 50, ndoa baada ya miaka 75, kuzaliwa baada ya miaka 100. Kabla ya hapo, mtoto au mjukuu wa moja kwa moja anaweza kuomba nakala. Mjukuu wa ndugu hana njia hiyo nyepesi. Kwa hiyo familia ikijua kwamba koko aliacha watoto huko, kazi yake si kupigania karatasi. Ni kuwapata watoto hao, ambao wana haki ya kuziomba wenyewe. Kwa waliotenganishwa na vita au safari, Msalaba Mwekundu unatafuta ndugu waliopotezana, na haudai malipo.

Kuna upande wa pili wa habari hii, na unaonyesha jinsi mizani isivyo sawa. Wakati wa ukoloni, ndoa halali kati ya mzungu na mwanamke mweusi ilikuwa nadra. Watoto waliozaliwa walichukuliwa kwa mama zao na kuwekwa kwenye nyumba za masista, kama Katende huko Kasai na Save huko Rwanda. Mamia kati yao wakapelekwa Ubelgiji karibu na uhuru. Tarehe 4 Aprili 2019, waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha bungeni Bruxelles kwa niaba ya serikali ya Ubelgiji. Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Bruxelles iliamua kwamba kuchukuliwa kwa wanawake watano waliolelewa Katende kulikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000.

Wale watoto, leo ni wazee. Wanatafuta mama zao na ndugu zao, na wana mahali pa kuanzia, kwa sababu faili za ukoloni ziko Ubelgiji na kazi ya kuzifungua kwa ajili yao imeanzishwa. Lakini ndugu wa mama, aliyebaki Kongo, hana faili. Akitaka kusoma kile kilichoandikwa juu ya dada yake, anahitaji visa, tiketi ya ndege na Kifaransa cha ofisi. Ulaya wana makaratasi bila kumbukumbu. Kongo wana kumbukumbu bila makaratasi. Kila upande unamtafuta mwenzake gizani.

Ubelgiji inadaiwa nakala za faili hizo, zifike mahali ambapo Mkongomani anaweza kuzisoma bila visa. Deni hilo lisemwe waziwazi. Lakini kumlaumu Mbelgiji peke yake hakutoshi, kwa sababu vitabu vilivyo hapa nyumbani havilindwi na Mbelgiji. Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma ukaangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tangu 1996, vita imepita kwenye misioni na ofisi za serikali mara nyingi: makabati yamevunjwa, makaratasi yamewashiwa moto wa kupikia. Ambako risasi hazikufika, mchwa na unyevu wa mvua vimefika. Kitabu cha 1946 kikiharibika, ule mstari wa pembeni hauna pengine pa kutafutwa kirahisi.

Dawa yake si kubwa. Vijana wawili wenye simu nzuri, meza karibu na dirisha, na ruhusa ya paroko, wanaweza kupiga picha kitabu kizima kwa siku chache. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine kwa askofu, ya tatu nje ya eneo la hatari. Maaskofu wa mashariki wanaweza kuagiza jambo hilo bila kungoja msaada kutoka nje. Komini nazo zifanye hivyo kwa vitabu vya ndoa na vya kuzaliwa. Picha hizo zisitupwe kwenye intaneti, maana vitabu vinataja watu walio hai na siri za nyumba zao. Zitunzwe, na mwenye haki ya kuuliza ajibiwe.

Wapo wanaosema kwamba shughuli hii yote ni bure. Wanauliza: kama koko angetaka kupatikana, si angeandika? Swali hilo lina haki yake. Wako walioondoka kwa kukimbia ndoa ya kulazimishwa, au maneno ya ukoo uliomkataa mume mzungu. Mtu wa namna hiyo akipatikana na kusema hataki, aachwe. Lakini wengi hawakunyamaza kwa kutaka. Barua zilirudi kwa sababu mtu wa kuzipokea alikuwa amekimbia, au jina la mji lilikuwa limebadilishwa. Ukimya wa sanduku la posta usihesabiwe kuwa ukimya wa moyo.

Wengine husema kwamba wajukuu hawatafuti mtu, wanatafuta visa na pesa. Hilo nalo lipo, na linaharibu. Familia inayompata binamu Ulaya baada ya miaka 50, na ujumbe wake wa pili ukawa wa kuomba Western Union, inajifungia mlango yenyewe. Ujumbe wa kwanza uwe na picha, majina ya wazee, na habari ya nani alizaliwa na nani alikufa. Wa pili na wa tatu vilevile. Huyo binamu naye ana shimo lake: amekua na mama ambaye labda hakuwahi kueleza alikotoka, na uso ambao shuleni ulimletea maswali.

Faida ya kumpata ni ipi, basi? Ukoo unajua kama aliyeondoka yuko hai au amekufa. Kama amekufa, unaweza kukaa matanga yake, kulia, kula pamoja na kuinuka. Matanga yasiyokaliwa hayaishi. Yanabaki katika nyumba kama deni ambalo hakuna anayekumbuka lilikopwa lini. Mtoto wa kike akizaliwa, anaweza kupewa jina la koko bila mtu kunong'ona kwamba huenda mwenye jina angali hai.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii si ya intaneti. Kuna mzee mmoja katika ukoo, mara nyingi ni mama, anayekumbuka dada yake alibatizwa parokia gani, nani alikuwa msimamizi wake, na mzungu yule alifundisha shule gani. Mjukuu akae naye, amuulize polepole, aandike yote, hata yanayopingana. Kisha aamke asubuhi aende kwenye ofisi ya parokia, akiwa na hayo majina mkononi, na aombe kwa heshima kufunguliwa kitabu.