Dereva Anayekubishia Ndiye wa Kumshika

Wauzaji wenzangu, leo tuongee kuhusu madereva wa malori tunaowakabidhi mizigo yetu. Wengi tunawachagua kwa vitu viwili tu: bei ndogo na maneno matamu. Mimi naona dereva mzuri ni yule anayekubishia pale pale anapopokea mzigo.

Mimi niko Mahurunga, huku karibu na mto Ruvuma. Nauza mchele na nazi kwa WhatsApp, na wateja wengi wako Mtwara mjini na Dar. Mzigo wa Dar unatoka hapa kwa Canter, unashushwa Mtwara, unapandishwa Fuso, ndiyo uanze safari ya zaidi ya kilomita 500. Mteja wangu hanijui kwa sura. Anachokijua ni gunia litakalomfikia na mtu atakayempigia simu kulikabidhi.

Sasa, madereva wako wa aina mbili. Wa kwanza ukimuuliza mzigo utafika lini, anajibu, "Usijali dada, kesho asubuhi tu." Hahesabu, haandiki. Anapokea hela, tingo anarusha magunia juu, basi. Unaondoka na raha zako. Likipungua gunia moja anakwambia, "Mimi nilipakia ulichonipa," nawe huna cha kuonyesha.

Wa pili anaudhi kidogo. Gunia hili limeshonwa vibaya, shona upya. Jina la mteja liko wapi? Namba moja ya simu haitoshi, andika na ya pili. Anahesabu kwa sauti mbele yako, anaandika kwenye daftari, mnasaini wote. Ukimlazimisha aseme mteja atapata kesho, anagoma: "Dada, nikuahidi nini na mvua hii? Nikifika Kibiti nitakupigia."

Huyo wa pili ndiye wa kumshika. Kila anachokikataa wakati wa kupakia kinakupunguzia ugomvi mmoja wakati wa kushusha.

Na hiyo ahadi ya "kesho", barabara yetu tunaijua. Tangu daraja la Mkapa pale Rufiji lifunguliwe mwaka 2003, tumezoea kuiona Dar iko jirani. Lakini Mei 2024, kwenye mvua za Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Kilwa, Somanga ikiwemo, na magari yakakwama. Siku kama zile, muuzaji aliyeahidi kesho anaonekana tapeli hata kama hajala hela ya mtu. Aliyesema "nitakujulisha dereva akifika Kibiti" bado ana mteja.

Ila heshima ni ya pande zote. Dereva naye anatupima. Fika na mzigo umeshafungwa, usimsimamishe juani ukitafuta uzi wa kushonea. Bei mliyokubaliana lipa hiyo hiyo, usianze kuomba punguzo injini ikiwa inawaka. Magunia yakishapakiwa, piga picha ionyeshe na namba ya gari, mtumie mteja pamoja na namba ya dereva. Na dereva akiharibiwa mzigo na mvua njiani akakupigia mwenyewe kukwambia, usimtukane. Ukimtukana, safari ijayo atanyamaza, na habari utazipata kwa mteja.

Mtu atasema, "Mimi natuma magunia mawili tu, dereva gani atanisikiliza?" Ndiyo maana nasema tusitume kila mtu kivyake. Wauzaji watatu au wanne wa kijiji kimoja wakimtumia dereva mmoja kila wiki, tayari ni mteja mkubwa kwake. Utaona faida yake msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori yanapokimbilia maghalani na bandarini. Wakati huo magunia mawili ya mtu asiyejulikana yanabaki chini. Ya mtu wake dereva anayatafutia nafasi.

Tofauti ya nauli kati ya dereva wa kwanza na wa pili utaisahau wiki hiyo hiyo. Mteja aliyepokea gunia pungufu hasahau, na atawaambia wenzake.

Kwa hiyo wiki hii ukipeleka mzigo, mwambie dereva, "Kaka, tuhesabu wote kabla hujapakia." Akikasirika, tafuta mwingine.