Kicheko Nacho ni Kazi ya Mtunzi

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali moja. Kwa nini tunapochagua nyimbo za siku ya wazazi, wimbo wa kuchekesha ndio huwa wa kwanza kutupwa nje? Chama chetu kina mabingwa wa kutunga nyimbo za UKIMWI, za mazingira, za amani na za dawa za kulevya. Ni nyimbo nzuri, sikatai. Lakini akija mtu na wimbo wa kuwafanya watu washike mbavu, anaambiwa, "Wewe bwana, hapa si mahali pa mzaha." Mimi sikubaliani na jambo hilo hata kidogo, na sababu zangu ni hizi.

Huku kwetu, toka Embu mjini hadi Maua, watu wanaupenda sana muziki wa kantri wa Wamarekani. Panda matatu ya Runyenjes, Chuka ama Nkubu Jumapili jioni, ni bahati kama hutamsikia Jim Reeves au Kenny Rogers. Nyimbo hizo tumezizoea kuwa za majonzi: mpenzi kaenda zake, mama kafariki, treni imeondoka. Kuna hata wazee wanaozisikiliza wakiwa wamevua kofia, utadhani wako kanisani. Kwa hivyo wengi hushangaa wakiambiwa kwamba yule anayeitwa baba wa muziki huo alikuwa mtu wa vichekesho si haba.

Jina lake ni Jimmie Rodgers. Alizaliwa mwaka wa 1897 huko Mississippi, akafanya kazi kwenye reli kama baba yake, na mwaka wa 1927 akaanza kurekodi santuri. Alikuwa na mtindo wa kuirusha sauti ghafla toka nzito hadi nyembamba, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Ni kweli aliimba huzuni, lakini aliimba pia utani. Mwaka wa 1928 alitoa "In the Jailhouse Now", wimbo uliokuwa umechezwa majukwaani kabla yake, naye akaufanya wake. Unasimulia habari za jamaa mcheza kamari aliyekatazwa asisikie, mwisho akajikuta korokoroni. Wimbo huo haumhubirii mtu. Unacheka tu, na ukimaliza kucheka umeshaelewa.

Sasa sikiliza hili. Mwaka wa 1924 Jimmie aliambiwa ana kifua kikuu, na siku hizo dawa ya kuponya maradhi hayo haikuwepo. Alifanya nini? Aliutungia ugonjwa wenyewe nyimbo! Mwaka wa 1931 alirekodi mmoja wa kuusikitikia, na mwaka wa 1932 akarekodi mwingine wa kuutambia, kana kwamba kifua kikuu ni adui anayemcharaza bakora. Tarehe 26 Mei 1933 akafa akiwa na miaka 35, siku chache tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho huko New York, ambako alikuwa akilala kitandani kupumzika kati ya wimbo na wimbo. Huyo ni mtu wa kuambiwa kwamba mzaha ni uvivu? La hasha! Kicheko chake kilikuwa ujasiri.

Pengine utasema, "Hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini sisi wa Meru na Embu?" Ngoja nikuambie. Mwaka wa 1950, mtafiti aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akirekodi nyimbo za wenyeji. Huko alikuta jina geni katika nyimbo: Chemirocha. Kumbe ni Jimmie Rodgers! Santuri zake zilikuwa zimefika hadi huko na kuchezwa kwenye gramafoni, na watu wakaligeuza jina lile likakaa vizuri katika ulimi wa Kikipsigis.

Wimbo unaojulikana zaidi kati ya hizo uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, wakipigiwa kinanda cha nyuzi cha kwao. Tracey alieleza kwamba kwao Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Nao wasichana wale, bila woga, wanamwalika Chemirocha aje acheze ngoma, arukeruke mpaka nguo zimtoke!

Ama kweli, mimi nikisikia habari hiyo hucheka, halafu huwaza. Hiyo ilikuwa 1950, enzi za mkoloni. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa, na wazee wetu wa Meru na Embu wakaionja. Wakati huo mzungu alikuwa mtu wa kuamkiwa na kuogopwa. Lakini wasichana wa kijijini walimchukua mzungu aliyetoka ndani ya sanduku, wakampa miguu ya paa, kisha wakamwambia acheze hadi avuliwe nguo. Hawakumtukana wala hawakumpigia magoti. Walimtania, na mtu huwezi kumtania asiyekuwa karibu nawe. Kwa maoni yangu, walimwelewa Jimmie kuliko wanaomsikiliza wakiwa wamenuna.

Najua kuna watakaopinga. Watasema utani una matusi ndani yake, na kwamba unaumiza. Wana haki kidogo. Hata Jimmie ana nyimbo ambazo siwezi kuziimba mbele ya mwalimu mkuu. Na katika mila zetu, nyiso za jandoni zilikuwa na maneno ambayo nyanya yangu hawezi kuyatamka mbele ya wajukuu. Lakini basi tuutupe utani wote? Mchele ukiwa na chuya, huchambuliwa, haumwagwi.

Njia ya kuchambua ni kuuliza: utani huu unampiga nani? Ukimpiga kiwete, maskini au msichana aliyepata shida, huo ni uonevu uliovaa kofia ya kicheko. Ukimpiga mwenye nguvu anayekosea, huo ni utetezi. Mfano tunao kwa jirani zetu. Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu aliyezaliwa Kangema mwaka wa 1939 na kufariki Oktoba 2018, alitoa wimbo uitwao "Ndari ya Mwalimu", unaomsema mwalimu anayemfanya mwanafunzi kuwa mpenzi wake. Walimu wa nchi nzima walikasirika, hata chama chao kikatishia kugoma. Jiulize: kama angetoa hotuba tu, nani angejali? Kejeli ilifika mahali ambapo hotuba haifiki. Na ubaya ule alioukejeli bado ni wa kukemewa hadi leo, walimu wetu wapendwa mniwie radhi.

Wasomaji wenzangu, sisi tunasoma malumbano ya utani, soga na nyiso katika fasihi simulizi. Tunakariri sifa zake, tunajibu mtihani, basi. Lakini ni wangapi kati yetu wanaozijua nyimbo za utani za Kimeru au za Kiembu, zile walizoimba wanawake wakimtania bwana arusi mchoyo, au vijana wakimcheka mwenzao mvivu wa shamba? Wapiga ngoma wa Chuka wanajulikana, maana huitwa kwenye sherehe kubwa. Nyimbo za vichekesho haziiti mgeni rasmi, kwa hivyo zinakufa kimyakimya na wenyewe.

Kule Kapkatet, sauti zilihifadhiwa kwa sababu kuna mtu aliyefika na chombo cha kunasa sauti. Mwaka wa 2014 nakala zake zilirudishwa kwa Wakipsigis kutoka Afrika Kusini, zilikokuwa zimewekwa katika maktaba ya muziki iliyoanzishwa na Tracey mwaka wa 1954, na wazee wakazisikia tena baada ya zaidi ya miaka 60. Sisi hatuna haja ya kumngoja Tracey mwingine. Simu ya mzazi inatosha.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, likizo ijayo kila mwanachama, awe anatoka Igembe, Tharaka, Imenti, Mbeere au Manyatta, amrekodi babu au nyanya mmoja akiimba wimbo mmoja wa utani, kwa ruhusa yake, na aandike maana yake kwa Kiswahili. Huo ndio utafiti nyanjani tunaofundishwa kila siku. Pili, siku ya wazazi tuweke angalau wimbo mmoja wa kuchekesha, tuutunge kwa makini kama tunavyotunga zile nyingine, na tuwaalike walimu wautazame kabla.

Kuliza watu ni rahisi, taja yatima tu. Kuwachekesha huku ukiwaambia ukweli kunahitaji akili na moyo. Asiyeamini ajaribu kutunga mmoja, kisha auimbe mbele ya nyanya yake.