Chupa ya dripu nayo ni dawa



Juma lililopita tulikwenda kumjulia hali mzee wa mtaani kwetu aliyelazwa kwa homa. Hata hatujaketi, binti yake akaanza kutulalamikia: "Tangu jana yupo hapa, hawajamtundikia hata dripu moja!" Hatukumshangaa. Katika nyumba zetu nyingi mgonjwa asiyetundikiwa dripu huhesabiwa kuwa hajatibiwa, na wapo hata wazima wanaokwenda zahanati kuomba "maji ya nguvu". Chupa ya lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, basi. Bakuli la uji wa maziwa lina lishe bora kuliko hiyo.

Hatusemi kwamba dripu haina kazi. Tangu mwaka 1832, daktari Thomas Latta wa Scotland alipowatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani, watu wasiohesabika wameokolewa kwa njia hiyo. Tunalosema ni kwamba kila kiingiacho mshipani ni dawa, na figo ndizo zinazopokea mzigo wake. Anayedhani ni maji tu na asikilize habari ya dripu ya wanga.

Kwa miaka mingi hospitali za Ulaya na kwingineko zilitumia dripu yenye wanga wa mahindi au wa viazi uliogeuzwa kiwandani, ukaitwa wanga wa haidroksiethili. Hoja yake ilivutia: maji ya chumvi hutoka upesi kwenye mishipa, ilhali wanga huyashikilia humo, na shinikizo la damu la mgonjwa mahututi likapanda. Lakini wanga ule hauishi wote mwilini. Sehemu yake huingia katika seli za figo na kukaa humo, seli zikavimba, na kazi ya kuchuja damu ikaharibika.

Mwaka 2012 ulitangazwa utafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya uliohusu wagonjwa wapatao 800, ambao maambukizi makali yalikuwa yameenea mwilini mwao. Nusu walipewa wanga, nusu maji ya chumvi ya aina ya Ringer. Baada ya siku 90, katika kila wagonjwa 100 waliopewa wanga walikuwa wamefariki 51. Kwa wenzao ni 43. Waliohitaji mashine ya kusafisha damu walikuwa 22 kwa 16. Mwaka huohuo utafiti wa Australia na New Zealand, uliohusu wagonjwa 7,000, ulionyesha nao kwamba wanga uliongeza haja ya mashine hiyo.

Kwa nini haikujulikana mapema? Hapa ndipo panapotuuma. Miongoni mwa waliouandikia sana wanga huo kwa sifa alikuwa daktari wa usingizi wa Ujerumani, Joachim Boldt. Mwaka 2011 majarida ya tiba yalitangaza kuzifuta karibu makala 90 zake kwa kukosa idhini ya kamati ya maadili, na uchunguzi ukakuta katika baadhi yake matokeo ya uongo. Makala zake zilipoondolewa kwenye hesabu, madhara yakaonekana waziwazi. Madaktari waliozisoma walimwamini mwenzao, na wagonjwa wakawaamini madaktari. Amana ilivunjwa juu kabisa na maumivu yakamfikia aliyelala kitandani. Umoja wa Ulaya uliweka mipaka mwaka 2013, kisha ukasimamisha idhini ya dripu hizo mwaka 2022.

Maji ya chumvi ya kawaida hayana historia hiyo, lakini nayo yana kipimo chake. Kloridi yake inazidi ile ya damu, na madaktari bado wanajadiliana kama wingi wake huzielemea figo za mgonjwa mahututi. Na ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika, kwa kisukari au shinikizo la damu, akijazwa chupa juu ya chupa, maji hukosa pa kutokea: miguu huvimba, mapafu hujaa, pumzi ikawa ya shida. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo amtajie daktari mapema, aulize dripu ni ya nini na zitakuwa chupa ngapi, na aangalie kama mgonjwa anapata mkojo. Kuuliza kwa adabu hakumvunjii daktari heshima.

Tukamwendea muuguzi pamoja na yule binti. Akaeleza kwa upole kwamba mzee hatapiki, anakunywa vizuri, mkojo unatoka, na figo zake zina hitilafu ya siku nyingi. Ndiyo sababu daktari ameagiza anywe kwa kipimo na wala asitundikiwe kitu. Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama baba yake anaruhusiwa uji. Akaambiwa anaruhusiwa, kikombe kimoja.