Mazungumzo ya Juma: Soda ya Mgeni



Juma lililopita kijana mmoja, jirani yangu hapa Jericho, aliniambia kuwa amechukua soda dukani kwa mkopo, maana mjomba wake alikuwa akija kutoka mashambani. Nilipomwuliza kwa nini asikamue ndimu zilizokuwa jikoni mwake, alicheka akasema, "Mzee, nimwaibishe mjomba kwa maji ya ndimu?" Jawabu hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Sisi tuliokulia mitaa ya mashariki ya Nairobi twaijua heshima ya soda. Coca-Cola ilianza kazi yake katika Kenya mwaka 1948, na nilipokuwa mtoto huko Majengo, Pumwani, katika miaka ya 1960, soda ilikuwa kinywaji cha arusi, cha Krismasi, cha Idi, na cha mgeni. Mgeni huyo aliulizwa, kama aulizwavyo hata leo, "Baridi au moto?" Na hiyo ya moto haikuchemshwa, ni ile tu isiyoingia katika friji. Mtoto alitumwa dukani na chupa tupu mkononi, kwani pasipo chupa ilibidi kuilipia nayo. Kisha watoto tulikaa mlangoni tukipima kwa macho kinachobaki, maana mgeni mwenye adabu hakuimaliza yote.

Siku moja alikuja baba mkubwa. Nilitumwa mbio, chupa ikaniponyoka, ikavunjika vipande vipande. Mama alikuwa na fedha za soda tu, hakuwa na za chupa. Akasimama uani, machozi yakimlengalenga. Jirani yetu, bibi mmoja aliyetoka Mombasa, alipoona hayo alileta ndimu na sukari, akasema, "Kwetu mgeni hupewa sharubati, wala hakuna aibu." Akakamua, akachuja, akatia maji ya mtungi. Baba mkubwa alikunywa bilauri nzima, akaomba ya pili, akauliza, "Shemeji, hii yauzwa duka gani?"

Bibi yule hakuwa amebuni jambo geni. Zaidi ya miaka 700 iliyopita watu wa Misri walikuwa wakiuza maji ya limau yenye sukari. Na neno letu sharubati tumelipata kwa Waarabu, katika neno lao la kunywa. Huko Paris wauza limonadi walipata chama chao mwaka 1676. Hapo kinywaji hicho kilikuwa bado hakina mapovu. Mwaka 1772 Mwingereza Joseph Priestley alitoa maandishi ya kueleza jinsi ya kutia hewa ya ukaa katika maji. Na mwaka 1783 Johann Jacob Schweppe alianza biashara ya maji ya namna hiyo mjini Geneva. Limonadi ilipotiwa hewa hiyo na kufungwa chupani, ndipo ilipopata mapovu tuyajuayo. Basi limonadi ya dukani ni mjukuu wa sharubati, aliyesafiri mbali akarudi na nguo mpya.

Sisemi soda iachwe. Mwenye uwezo na anunue, anywe na wageni wake kwa furaha. Ninalosema ni kwamba heshima ya mgeni haikuwa ndani ya chupa. Ilikuwa katika mbio za mtoto, katika bilauri iliyosuguliwa, na katika mwenyeji aliyeketi akaongea na mgeni wake. Hayo hayauzwi dukani, wala hayakopwi.

Kwa atakaye kujaribu: kamua ndimu 4 kubwa, tia vijiko 4 vikubwa vya sukari na maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa. Koroga, chuja, funika, weka mahali pa baridi. Mkulima mwenye mti wa ndimu nyuma ya nyumba hahitaji kutoa hata senti moja ila ya sukari.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mjomba wa kijana yule alikuja, akanywa, akarudi kwake. Deni la soda lingali katika daftari la mwenye duka, na ndimu zimekauka jikoni.